Mcheza Kwao Hutunzwa: Vijana, Kamera na Watazamaji wa Bungoma na Kitale



Nimeombwa nizungumzie televisheni ya jamii na mafunzo ya kutengeneza video kwa vijana. Nina jambo moja la kusema, na muda niliopewa nitautumia kulitetea. Miradi yetu mingi ya video huanza na kamera na kuishia na cheti. Wanaosahauliwa ni wale ambao filamu inawahusu. Hawaitwi kuitazama, hawaulizwi kama imesema kweli, wala hawapewi nafasi ya kujibu. Mimi nashikilia kwamba televisheni ya jamii huzaliwa siku ile watu wa mahali wanapoketi pamoja, wakajitazama, kisha wakabishana juu ya walichokiona. Kabla ya siku hiyo tuna vifaa, tuna vijana wenye ujuzi, tuna faili ndani ya kompyuta. Televisheni ya jamii bado hatuna. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na vijana wetu hawajapewa uwanja wa kuchezea kwao.

Ujuzi tulio nao tayari

Tuanze na kilichopo. Ukitembea mjini Bungoma au Kitale utakuta studio ndogo za picha, moja imebanana na duka la simu, nyingine iko ghorofani juu ya duka la dawa. Huko ndiko vijana wengi walikojifunza kushika kamera, kwa kumfuata mwenye studio kwenye harusi, harambee na mazishi. Mazishi hasa. Tangu janga la korona la 2020, serikali ilipopunguza idadi ya waombolezaji, kurusha maziko moja kwa moja kwenye YouTube na Facebook kumekuwa jambo la kawaida, ili ndugu aliye Doha au Boston naye ashiriki. Kijana anayefanya kazi hiyo anajua kuiweka maiki mahali ambapo upepo hautaifunika sauti ya mzee. Anajua kubadilisha betri bila kukatiza hotuba, na kutafuta mtandao penye mawimbi hafifu. Anajua pia wakati wa kuishusha kamera kwa heshima ya mjane. Huo ni ujuzi kamili, na haukuletwa na mfadhili yeyote.

Sasa fikirini kilichomo ndani ya kanda na diski za studio hizo. Miongoni mwa Wabukusu, baada ya maziko ya mzee aliyeheshimika, huandaliwa kumuse. Msemaji mwenye karama ya kuhutubia huja na fimbo yake, akatembea huku na huko mbele ya halaiki, akasimulia asili ya koo, akaonya, akafariji. Wasomi wa fasihi simulizi wameandika mengi juu ya Manguliechi, msemaji aliyevuma sana katika sanaa hii. Lakini kumuse nyingi zimerekodiwa na wapigapicha wa kawaida, kwa malipo ya siku moja. Familia ikapewa nakala chache za DVD, na shughuli ikaishia hapo. Hotuba ambazo mwanafunzi wa chuo angezitafuta kwa udi na uvumba zimelala kwenye droo za studio, hazina lebo, na kila mwaka diski kadhaa huharibika.

Shule nazo zina hazina zao. Tamasha la drama la shule na vyuo lilianza mwaka 1959, na siku hizi ni tamasha la drama na filamu. Wanafunzi wa Bungoma hushindana katika kanda ya Magharibi, wa Trans Nzoia katika kanda ya Bonde la Ufa. Huandika hati, huigiza, hupiga picha, huhariri. Kisha filamu hupanda ngazi kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kanda na taifa, ikitazamwa na majaji kila hatua. Mama wa mwigizaji, anayeuza mboga Chwele, mara nyingi haioni. Kikombe hurudi shuleni, filamu hubaki kwenye kompyuta ya mwalimu, na mwalimu akihamishwa huondoka nayo.

Kwa hiyo hatuna upungufu wa kamera kama tunavyoambiana. Tunachokosa ni mahali na siku ya kutazama.

Waliotutangulia

Historia inatusaidia hapa. Mwaka 1982, kwa msaada wa UNESCO, redio ya jamii ilianzishwa Homa Bay, miongoni mwa za mwanzo kabisa barani Afrika. Mwaka 1984 serikali iliifunga. Funzo ninalolipata ni kwamba kituo ambacho uhai wake uko mikononi mwa ofisi za mbali, ofisi hizo hizo zinaweza kukizima wakati wowote.

Vijana wa Mathare walifuata njia nyingine. Kabla ya uchaguzi wa 2007, wakishirikiana na wasanii kadhaa, walianzisha Slum TV. Walitengeneza habari fupi za mtaa wao, kisha wakazionyesha hadharani mtaani humo humo. Mwaka 2010 vijana wa Kibera nao wakaanzisha Kibera News Network, iliyokua pamoja na mradi wa ramani wa Map Kibera, na habari zao wakazipakia YouTube. Kazi zote mbili naziheshimu. Ila mtandao una tabia yake: humfikia kwanza mwenye bando. Video ya dakika kumi juu ya mtaro uliozibwa inaweza kutazamwa London kabla ya kutazamwa na mama anayeishi kando ya mtaro huo.

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko kwenye barabara ya A1, itokayo Webuye ikapita Kitale, Kapenguria na Lodwar hadi Kakuma. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992. Shirika la FilmAid, lililozaliwa mwaka 1999 kwa ajili ya wakimbizi wa Kosovo, lilipeleka huko skrini kubwa iliyobebwa na lori. Giza likiingia, watu waliketi chini kwa mamia, lugha mbalimbali mahali pamoja, wakatazama. Baadaye vijana wa kambini wakafundishwa kutengeneza filamu zao wenyewe, nazo zikaonyeshwa kwa majirani zao. Angalieni mpangilio huo. Watazamaji walikuwepo kwanza. Kijana aliposhika kamera alijua ni nani watakaoketi mbele ya kazi yake, na kwamba miongoni mwao yumo mtu atakayesimama na kusema, "Hapo umekosea."

Hata ng'ambo ya Malaba tunaona hivyo. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliyetengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, alijulikana duniani baadaye. Kwanza waigizaji wake walibeba DVD mikononi wakauza mlango kwa mlango.

Lakini mfano ninaotaka mwondoke nao ni wa kisiwa cha Fogo, Newfoundland, nchini Kanada, mwaka 1967. Fogo kilikuwa na wakazi kama 5,000 katika vijiji vya wavuvi vilivyotengana kwa dini na kwa uhasama wa zamani, na serikali ilitaka kuwahamisha. Mtengenezaji filamu Colin Low, kutoka Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, akaenda na kupiga filamu fupi zaidi ya 20 za wenyeji wakizungumza juu ya maisha yao. Kila aliyepigwa picha alionyeshwa kwanza, akapewa haki ya kukataa. Kisha filamu za kijiji kimoja zikaonyeshwa katika vijiji vingine. Watu ambao walikuwa hawakanyagi ukumbi mmoja wakagundua kwamba malalamiko yao ni yale yale. Filamu zikapelekwa kwa serikali, na waziri wa uvuvi akajibu kwa filamu, jibu lake nalo likarudishwa kisiwani likatazamwa. Wavuvi waliunda chama cha ushirika, na hawakuhamishwa. Sisemi filamu peke yake ilifanya hayo, maana watu wa Fogo walikuwa wameshaanza kujipanga. Nasema filamu iliwawezesha kusikizana.

Kwa nini hapa kwetu hasa

Mwenye kovu usidhani kapoa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, uwanja wa maonyesho wa Kitale uligeuka kambi ya waliofukuzwa makwao, na Endebess vilevile. Huku Mlima Elgon, mgogoro wa ardhi ya Chebyuk ulizaa kundi lenye silaha la SLDF lililowatesa na kuwaua raia kuanzia 2006. Operesheni ya jeshi, iliyoitwa Okoa Maisha, ilipoanza Machi 2008, raia wengine wakateswa, na wengine wakatoweka. Kuna familia ambazo hadi leo hazijui mtu wao alizikwa wapi.

Kijana wa miaka 17 leo hakuwa amezaliwa. Habari hizo anazipata nyumbani, upande mmoja tu, kwa uchungu wa upande huo. Msabaoti wa Cheptais ana yake, Mbukusu wa Kimilili ana yake, Mturkana wa Kipsongo pale Kitale ana yake, na jirani wa Kikuyu aliyerudi shambani baada ya kambi ana yake. Wanasiasa wanazijua zote, na kila miaka mitano huzichokonoa.

Hapa ndipo mpango wa Fogo unapotufaa. Vijana wa Bungoma watengeneze filamu zitakazotazamwa Kitale, wa Kitale watengeneze zitakazotazamwa Bungoma, na majibu yapigwe picha yarudishwe. Siwashauri waanze na kidonda kirefu. Waanze na mahindi. Mkulima wa Cherangany na mkulima wa Tongaren wamepigwa na mambo yale yale: viwavijeshi, bei inayoporomoka wakati wa mavuno, na ile mbolea bandia iliyoitikisa nchi mwaka 2024. Mmoja akimsikia mwenzake akieleza, kwa sauti yake na mbele ya shamba lake, namna alivyomwagia mahindi mbolea na mahindi yakabaki ya njano, hatahitaji mhubiri wa amani kumwambia kwamba huyu ni mwenzake. Wakishazoeana kwa mahindi, wataweza kusogea kwenye mambo mazito, wakiwa na wazee na washauri pamoja nao.

Onyesho linavyoandaliwa

Niruhusuni niingie katika mambo madogo madogo, kwa kuwa hapo ndipo miradi hufia.

Kwetu jua huzama mwaka mzima kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, na kufikia saa moja na nusu giza linatosha. Mvua zetu hupenda alasiri, kwa hiyo kila onyesho la uwanjani liwe na darasa au ukumbi wa kanisa uliowekwa tayari. Skrini ni shuka mbili nyeupe zilizoshonwa pamoja, zikatiwa pindo juu na chini. Pindo la chini lipitishwe ufito, la sivyo upepo utaijaza shuka na uso wa msemaji utakunjamana. Jenereta ikae mbali, nyuma ya ukuta, maana sauti ikimezwa na jenereta watu wataondoka hata kama picha ni safi. Spika ziinuliwe usawa wa kichwa. Watoto waketi mbele kwenye mikeka, wazee wapewe viti pembeni watakapoweza kutoka bila kusumbua.

Filamu ya jamii isizidi dakika kumi. Baada yake taa iwashwe, na mjadala uchukue muda mrefu kuliko filamu. Kijana mmoja apitishe maiki, mwingine arekodi mjadala wenyewe, kwa kuwa mjadala huo ndio malighafi ya filamu ijayo. Vichekesho na muziki viwekwe mwisho, watu wasiondoke kabla ya mazungumzo.

Na mabinti? Katika vikundi vingi wavulana hushika kamera na kompyuta, msichana akapewa kusoma habari kwa sababu ana sauti nzuri. Hilo likome. Zamu za kamera, sauti na uhariri ziandikwe ukutani, na kila mmoja apitie zote. Mzazi anayekataa binti yake awe njiani saa tatu usiku ana sababu. Kwa hiyo tuwe pia na onyesho la alasiri, katika darasa lililofungwa mapazia mazito, ili msichana asimamie kazi yake mbele ya watu na bado afike nyumbani mapema.

Ruhusa na staha

Kila Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, kama 2022, 2024 na 2026, Bungoma na sehemu kubwa ya Trans Nzoia hutikisika kwa msimu wa tohara. Mvulana huzunguka na njuga za chinyimba akiwaalika ndugu, akifuatwa na waimbaji. Alfajiri hupelekwa mtoni, akapakwa tope, akarudi nyumbani kusimama imara mbele ya watu. Ni tukio la kupendeza kwa kamera, na hapo ndipo hatari ilipo. Siku hizi simu zinainuliwa hata dakika ambayo wazee wetu waliiweka kwa ajili ya macho ya waliohudhuria tu. Picha za watoto walio uchi zinasambaa mitandaoni, na mtoto wa miaka 13 aliyerekodiwa leo hataweza kuifuta video hiyo akiwa mtu mzima mwenye kazi na familia.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Sheria ya Watoto ya 2022 zinamlinda mtoto huyo. Lakini kijana wa video asisubiri sheria. Awe na kanuni ya Fogo moyoni: aliyepigwa picha aone kwanza, na akisema ondoa, ondoa. Kwa mtoto, mzazi aulizwe na mtoto mwenyewe aulizwe. Kwa mjane, kwa aliyepoteza mtu Mlima Elgon, aulizwe mara mbili, siku mbili tofauti, kwa sababu mtu hukubali kwa machozi jambo ambalo angelikataa akitulia. Tukiwa na sifa hiyo, milango itafunguka ambayo mwanahabari wa haraka hufungiwa.

Sheria na fedha

Wengi huniuliza: tutapata lini chaneli yetu? Sheria ya Habari na Mawasiliano inatambua utangazaji wa aina tatu: wa umma, wa kibiashara na wa jamii. Mlango upo. Ila tangu nchi ihamie mfumo wa dijitali mwaka 2015, mwenye chaneli humlipa msambazaji wa mawimbi, kisha hulazimika kuijaza chaneli kwa vipindi kila siku. Kikundi cha vijana kikikimbilia huko kabla ya kuwa na watazamaji, madeni yatakimaliza. Kijaze kwanza ukumbi mmoja kila mwezi. Na filamu nzuri ina sauti nzuri, na sauti hiyo inaweza kutangazwa na redio zilizopo, kama West FM ya hapa Bungoma, ikamfikia mkulima aliye shambani bila bando.

Kuhusu leseni, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, bado inataka kibali cha kupiga filamu. Mwaka 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilisisitiza kwamba hata anayepakia video mtandaoni anahusika, na malalamiko yakazuka kote nchini. Mimi naamini sheria iliyoandikwa kwa ajili ya kampuni kubwa za sinema haimfai mwanafunzi mwenye simu, na inapaswa kurekebishwa. Hadi hapo itakapofanyiwa marekebisho, kila kikundi kiende ofisini mapema na barua ya shule au chuo, kisije kikapokonywa vifaa siku ya kazi.

Fedha je? Ibara ya 196 ya Katiba inalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataja televisheni, redio za jamii, mikutano ya hadhara na njia za jadi kuwa vyombo vya kaunti kuwasiliana na watu wake. Basi onyesho letu ni utekelezaji wa sheria. Badala ya tangazo la bajeti kubandikwa kwenye ubao wa ofisi, filamu ya dakika kumi juu ya zahanati ya wadi, ikionyesha kilichoahidiwa na kilichojengwa, itawaleta watu wengi wenye maswali ya maana. Kaunti ilipie ukumbi, mafuta ya jenereta na nauli za vijana. Isiguse uhariri. Mkataba uandikwe hivyo, na usomwe hadharani kabla ya filamu ya kwanza.

Ninachowaomba

Wenye studio, fungueni droo zenu. Mkae na vijana, muandike kwenye kila diski jina la mzee, kijiji na mwaka, na kwa idhini ya familia nakala ziwekwe katika Chuo Kikuu cha Kibabii na Makumbusho ya Kitale. Walimu, filamu ya tamasha ionyeshwe kwa wazazi kabla ya kwenda kwa majaji, na jina la mwanafunzi libaki kwenye nakala ya shule. Viongozi wa kaunti zote mbili, tengeni fungu la maonyesho katika bajeti, muwe tayari kukaa kiti cha mbele na kujibu kama alivyojibu yule waziri wa Newfoundland. Wafadhili, mkitaka kutuletea kamera, tuulizeni kwanza zitatumika kwa onyesho lipi, la tarehe gani, mbele ya watu gani, na tukishindwa kujibu, subirini.

Nanyi vijana, msibonyeze kitufe cha kurekodi kabla hamjajua mtaonyesha wapi na lini. Leo mko hapa wa Bungoma na wa Kitale pamoja. Msitawanyike kabla hamjapanga maonyesho mawili: moja Chwele, la filamu kutoka Kitale, na jingine Kitale, la filamu kutoka Bungoma. Chagueni tarehe, chagueni ukumbi, chagueni atakayewaalika waliopigwa picha. Mimi nitakuja kwenye yote mawili, na maswali yangu nitayauliza nikiwa nimeketi pamoja na watazamaji.